Sanduku Namba Arobaini

Kabla ya barabara, kabla hata ya jina,
posta ilikuwa kreti la sukari lililopigiliwa ukutani
jikoni kwa Paraskevia Hnatiuk,
kati ya chumvi na mafuta ya taa.
Barua zilinukia kitunguu.
Alhamisi treni ilipunguza mwendo, haikusimama;
mfuko ulirushwa thelujini
na mwanawe Ostap akaukimbilia mbio za sungura.

Jina tulipewa na posta. Wakubwa wa Ottawa
walitaka neno fupi litakaloenea kwenye muhuri,
basi nyika nzima ikaitwa Orla,
na hakuna aliyewahi kujua Orla ni nani.

Baadaye tukajenga ukumbi wa mbao.
Nasema tukajenga; mimi sikuwapo,
lakini karani hurithi "sisi" pamoja na funguo.
Fedha zilibaki za kitu kimoja: kengele au jiko.
Wakapiga kura. Kengele kumi na moja, jiko tisa.
Kumbukumbu za Januari zimeandikwa kwa penseli,
maana wino uliganda kidauni,
na ajenda ya kwanza, ya pili na ya tatu
ni jiko.

Jiko likanunuliwa. Jiko likauchoma ukumbi.
Kengele ilianguka nyekundu kama kaa,
ikazama thelujini kwa mfoko
mrefu, wanasema, kuliko hotuba ya mwenyekiti.

Safari hii matofali. Ngazi tano,
kushoto ofisi ya kata, kulia posta,
nyuma selo ya mtu mmoja
iliyomfunga, miaka yote ile, mtu mmoja:
karani Bjarne Tveit, aliyeingia kupima dirisha
mlango ukajibana nyuma yake.
Alilishwa mkate kupitia nondo siku mbili.

Na upande wa posta, visanduku mia na kumi na viwili,
vya shaba, kila kimoja na kitundu cha kioo.

Arobaini kilikuwa cha Torvald Aasen.
Mwanawe Leif alipanda meli kwenda vitani,
akaandika mara sita,
kisha serikali ikaandika mara moja.
Baada ya hapo mzee hakukosa hata siku.
Saa nne, tufani isiwe tufani,
aligeuza ufunguo, akainama, akachungulia,
akafunga. Hakuuliza kitu.

Dirishani alikuwa Yevdokia, bintiye Paraskevia.
Kwao maiti husomewa siku ya arobaini,
ngano huchemshwa, hutiwa asali,
kisha matanga huanuliwa, watu hurudi kazini.
Sanduku lile halikuanua matanga.
Na sheria ya posta ni sheria:
kisicho na stempu hakiingii.

Posta imefungwa mwaka juzi.
Barua sasa zinalala kwenye makabati ya chuma
kando ya ghala la ngano, penye upepo.
Jengo kalinunua bwana mmoja wa Regina,
anaweka humo mashua,
ingawa ziwa liko kilomita tisini.
Mimi nilitumwa kuhamisha makaratasi.

Ndani ya daftari la Yevdokia, ukurasa wa nyuma,
mwandiko mdogo kama wa mtu anayenong'ona:
Jumanne. Aasen. Orodha ya mbegu. Stempu, senti tatu.
Jumanne. Aasen. Kalenda. Stempu, senti tatu.
Jumanne. Aasen. Picha ya bata. Stempu.
Zote kutoka mfukoni mwake. Miaka kumi na minne.
Jumanne ya mwisho amekata mstari juu ya bei,
si juu ya jina.

Nimepiga hesabu mara mbili:
dola ishirini na moja, senti themanini na nne.
Yevdokia hakuacha mtoto wa kulipwa.
Siku hizi tunakutania gereji ya basi la shule.
Nimeliandika deni kwenye ajenda ya Jumatatu,
chini ya suala la kengele,
ambayo bado haijapata pa kutundikwa.