Waya wa Tatu

Basi lile halitembei tena.
Kasoki alilinunua Ndosho, bila injini,
likaburutwa hadi Majengo, likakaa juu ya jiwe jeusi
kama mtu aliyechoka kuhama.
Ndani: kitanda, friji, mashine mbili za kunyolea,
na ubao wa matundu thelathini ya kuchajia simu.

Mimi ndiye niliyelifunga umeme.
Nilivuta nyaya mbili kutoka kwa jirani,
mmoja wa kuleta, mmoja wa kurudisha.
"Na huu wa tatu," akauliza, "wa kijani na njano?"
Nikaukata, nikaukunja, nikautia mfukoni.
"Tairi ni mpira, mama. Mpira hauna neno."

Kwa miezi minne bati lilinyamaza.
Aliye ndani hajui kitu:
yeye na basi ni mwili mmoja,
kama ndege aliyetua kwenye waya.
Mauti husubiri mlangoni,
yakimtaka mwenye mguu mmoja chini
na mkono mmoja kwenye chuma.

Alfajiri ya mvua. Waya wa friji umechubuka
kwenye msumari nilioupigilia mwenyewe.
Katembo, miaka saba, miguu mitupu, ndoo ya maji,
akashika mlango.
Mlango nao ukamshika.

Kiti cha plastiki ndicho kilichowaachanisha.
Mama yake alikisukuma kwa nguvu zote,
mtoto akaanguka upande wa uhai.

Nilirudi bila kuitwa.
Sikutaja bei. Hakunikaribisha.
Nikashika nyundo na fimbo ya shaba,
nikaomba ardhi. Ardhi ikakataa.
Hapa kwetu ardhi ni moto uliolala,
nyundo inaruka, inakurudia usoni.
Fimbo ya kwanza ikapinda. Ya pili ikapinda.
Watoto wakahesabu kwa sauti.

Nyuma ya choo, kwenye ufa wa jiwe,
niliona lengalenga limejiotea.
Magugu hujua kabla ya fundi.
Nikachimba hapo hadi kiwiko, hadi bega,
nikajaza mkaa na magunia mawili ya udongo wa Sake,
udongo mwekundu, mgeni kama sisi.
Fimbo ikazama. Nikamwaga maji.
Nikatoa mfukoni ule waya wa tatu,
mfupi mno sasa; ikabidi ninunue mwingine.
Na dijonkta mpya, ile inayokata
kabla moyo haujajua umeguswa.

Nikabonyeza kitufe cha kujaribia. Tap! Giza.
Nikawasha tena.
"Imekwisha," nikasema.

Kasoki akatazama viatu vyangu, soli nene za mpira.
"Vua."
Nikavua.
Akamimina jagi la maji miguuni pangu,
polepole, kama anayenawisha mgeni.
"Sasa shika."

Katembo alikuwa dirishani, kiganja kimefungwa kitambaa.
Nimefunga nyumba mia na kitu katika mji huu.
Sikuwahi kuona mkono wangu
ukienda taratibu hivyo.