Ukucha wa Mjomba Nandonde

Pale Kitangari, nyuma ya mashine ya kusaga,
kibanda cha Machupa kilikuwa na deki moja,
mabenchi sita, jenereta lenye pumu,
na mjomba wangu Nandonde na maiki
iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Mimi mlangoni, nikipokea mia mia;
asiye na mia, korosho kikombe kimoja.

Filamu zilikuja na lugha zao.
Mjomba akatumegea kwa Kiswahili:
sauti nene ya jambazi, nyembamba ya binti,
na kwa yule mtu wa barakoa ya buluu,
arukaye maghorofa kama tumbili mikoroshoni,
sauti ambayo mchana sikuwahi kuisikia.

Kwani mchana mjomba ana kigugumizi.
Chumvi huiomba kwa kidole.
Dukani huanza "n-n-n"
mpaka muuzaji amkabidhi kiberiti,
naye hukipokea, ingawa alifuata wembe.
Watoto wa shule walimwiga.
Hata mimi nilimwiga, Mungu anisamehe,
nikalipwa karanga.

Kilichotuvunja mbavu usiku
ni pale shujaa avuapo barakoa,
avaapo miwani na shati la ofisini,
na binti wa meza ya pili amwulize, macho makavu:
"Umemwona yule mtu wa buluu?"
Benchi zima: "Dada, pua si ile ile!"
Somoe wa maandazi aliwahi kurusha kandambili,
ikampata shujaa kwenye miwani.

Kisha wali wakatoka jandoni.
Lipiko likaingia uwanjani na vumbi lake,
uso wa mti, chale mashavuni, nywele za mtu kweli.
Ngoma zikalichokoza. Wanawake wakakimbia
huku wakicheka, huku wakiogopa.
Mimi nikatazama chini, kitambaa kilipopanda:
kidole gumba cha kushoto, ukucha nusu,
ule ulioliwa na jembe mwaka wa njaa.
Nikafungua kinywa: "Mj—"
Kiganja cha mama kikafika kabla ya neno.
Kilinuka kitunguu.
"Huyo katoka makaburini," alisema,
na macho yake yalijua kila kitu.

Ndipo nikamwelewa yule binti wa ofisini.
Si kipofu. Ana adabu.
Pua anaiona.
Anamwachia mtu nafasi ya kuwa wawili.

Oktoba, ghalani, foleni ya magunia.
Mizani ikasimama themanini na nne.
Karani akaandika themanini.
Mjomba aliona. Sote tuliona.
"N-n-n," akasema, "na n-n-n—"
Karani akangoja kidogo, kistaarabu,
kisha akaita: "Anayefuata!"
Moyoni nilimsihi ailete ile sauti,
ya buluu, au basi hata ya jambazi.
Mjomba akaikunja risiti mara nne
akaitia ndani ya kofia.

Usiku ule kibanda kilifurika.
Hela za korosho bado, Machupa alikopesha.
Ikafika pale: juu ya paa, mvua,
binti na mtu wa buluu.
Akavua barakoa. Midomo ikacheza.
Spika kimya. Jenereta tu na pumu yake.
Halafu mjomba, ndani ya ile maiki:
"N-n-ni... ni m-m-m..."
Shujaa alishamaliza kusema,
alishamkumbatia binti, mvua ilishakatika,
mjomba bado yuko kwenye "m".

Nikangoja vicheko.
Somoe alikuwa na kandambili yake mapajani, kaishika tu.
Karani wa ghala alikuwepo, benchi la tatu;
alilipa mia yake kama wengine.
Alikuwa anatazama miguu yake.
"...m-mimi," mjomba akamaliza,
na picha ikaendelea.

Asubuhi aliomba chumvi
kwa kidole, kama siku zote.
Mama akamsogezea
bila kumtazama usoni.