Robo Mzunguko

Tulikuwa na boliviano mia saba
na mawazo kumi na moja kuhusu kabureta,
maana bendi yetu ina watu kumi na mmoja
na kila mtu ni fundi pindi gari likiwa la mwenzake.

Gari ni la Primitiva Choquetopa, mpiga ngoma kuu:
Toyota ya mwaka sabini na nane, fobaifo,
bodi ya mbao aliyoigongomelea misumari mwenyewe
ili tuba zisilale chali.
Tangu Agosti lilikuwa likikohoa kila mlima,
likitema moshi mweusi wa chungu kilichosahauliwa jikoni,
na petroli tukiisikia hadi kwenye mkate.

Soko la Oruro. Turubai la buluu. Kabureta tatu.
Ya kwanza mpya, inang'aa kama bwana arusi aliyekodi suti.
Ya pili imetoka kwenye lori la Kimarekani,
midomo miwili, mipana. Edgar wa tarumbeta aliipapasa
akaacha kupepesa macho.
Ya tatu kuukuu, kifuniko kimekwanguka,
choki imefungwa kwa waya.

Muuzaji, Bi Saturnina, alikuwa akifuma soksi.
Hakusifia hata moja. Aliuliza tu:
"Mnaishi juu kiasi gani?"
Hapahapa, tukasema, mita elfu tatu na mia saba.
"Basi msinunue mdomo. Nunueni tundu."

Akaifungua ile kuukuu kwa bisibisi ya miwani,
akatoa jeti, akaiinua juani:
tundu dogo, unywele wa farasi ungebisha hodi kwanza.
"Huku hewa ni haba. Injini ikizoea ulaji wa bondeni
itakunywa hadi itapike."

Mimi napiga tuba. Nilielewa kabla hajamaliza.
Nimewaona wapulizaji wa bondeni wakija kwetu
na mashavu yao, na kifua chao,
wakipuliza kwa nguvu zote, sauti ikitoka majimaji.
Huku hupulizi zaidi.
Unabana. Unachagua.

"Mia sita," Edgar akasema, "kwa kitu cha waya?"
Penye wengi hapaharibiki neno, eti.
Aliyesema hivyo hakuwahi kwenda na wengi kununua spea.

Jumamosi, uani kwa Primitiva.
Tulikwangua manifoldi kwa kisu cha siagi,
tukapuliza kila njia (wapulizaji hatukukosekana),
gasketi tukaikata kwenye jalada la daftari la noti, lile nene.
Nati tatu zilikubali.
Ya nne ilikaa pale ambapo Mungu alisahau
kwamba binadamu ana mkono,
ikabidi aitwe Yesenia, miaka tisa, mpiga matoazi,
vidole vyake vikaingia, ulimi umetokeza pembeni,
akatoka na masizi hadi kwapani na hakutaka kunawa.

Mara ya kwanza, kimya.
Ya pili, chafya.
Ya tatu likawaka, likitetemeka lote,
kuku wakahamia kwa jirani.

Hapo ndipo nilipochukua tuba.
Injini ilikuwa ikiguna karibu kabisa na noti yangu ya chini,
karibu, si penyewe,
na kati yetu kulikuwa na mawimbi, wau, wau, wau,
kama watu wawili wanaobeba meza bila kuelewana.
Primitiva akashika skrubu. Robo mzunguko ndani.
Mawimbi yakaenda kasi. Rudisha.
Robo nje. Yakarefuka.
Nusu ya robo.
Yakanyooka.

"Usiguse tena," akasema, na bisibisi akaitupa mbali
kama mtu anayejijua.

Gia ya tatu bado linamisi kidogo. Nasema nisije nikaonekana muongo.
Na juu ya kitambaa, tulipokusanya spana,
ilibaki springi moja, nyembamba, safi,
ambayo hakuna aliyeweza kusema ilitoka wapi.
Edgar aliitazama muda mrefu, bila neno,
kwa furaha kubwa.

Primitiva akaitia mfukoni mwa aproni.
"Kesho kuna arusi Huanuni," akasema. "Pakieni ngoma."