Chupa ya Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya karakana za Ruaraka,
ninapiga magoti kwenye nyasi zenye umande
kama mtu aliyepoteza pete.
Wanyonyi, askari wa lango, ameacha kunicheka.
Siku hizi ananiitia kwa mluzi:
"Daktari, wamepita hapa! Msafara mzima, wananuka!"

Mimi si daktari. Ninaosha vyombo, ninajaza madaftari,
na kwa kuwa mikono yangu haitetemeki
nimepewa kazi ya kukamua sungusungu.

Kukamua. Nilipomweleza mama kwenye simu
aliuliza ndoo ina ukubwa gani.
Mama, ng'ombe huyu anaenea juu ya ukucha,
maziwa yake hayaonekani bila hadubini,
na kabla sijamkamua mimi
yeye hunikamua machozi.

Kwanza barafu, alegee.
Kisha kibanio, tumbo, kifuko cheupe
kidogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi.
Mia mbili kwa kutwa,
na haba na haba hii, nakuapia,
haijazi kibaba. Hailowanishi hata ncha ya uzi.

Ijumaa umeme ulipotea. Jenereta ikakohoa, ikagoma.
Tukazikimbiza chupa kwenye friza ya bucha ya Kamande;
zikalala kando ya maini na matumbo,
zimeandikwa SUMU kwa kalamu nyekundu.
Jumamosi hakuuza hata robo.

Ninajua ninachokitafuta.
Shemeji yangu Nyangweso, fundi wa kuchomelea,
alikwaruzwa na bati kifundoni.
Mkwaruzo tu.
Dawa ya kwanza, wadudu waliinywa kama chai.
Ya pili wakaizoea.
Ya tatu ilikuwa bei ya pikipiki, tukaichangia,
ikachelewa.
Alitoka wodini na mguu mmoja na risiti ndefu kuliko ule uliobaki.

Wadudu, tunasema. Wa kwenye kidonda ni wadudu,
wa kwenye nyasi ni wadudu,
lugha yetu imewapa jina moja kama mapacha.
Basi mimi ninawatuma wadudu
wakapigane na wadudu.

Dkt. Farhiya huipasua sumu vipande vipande:
mashine inachora milima kwenye karatasi,
kila kilele na chupa yake.
Peptidi, anasema: shanga chache kwenye uzi mmoja,
ukihamisha shanga moja tu, uzi mzima unabadilika tabia.
Tunazidondosha kwenye sahani za bakteria wale sugu,
tunazifunika, tunazima taa.

Asubuhi, ukungu. Sahani baada ya sahani,
ukungu uliotanda bila haya.
Ila ya arobaini na moja:
katikati yake duara safi,
kama ua lililofagiwa kabla ya mgeni.

Hakuna aliyepiga kelele.
Nilisikia friji ikinguruma, na tumbo langu.
Dkt. Farhiya akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Bado damu," akasema.

Nikakunja mkono wa shati. Yangu ndiyo iliyokuwa karibu.
Tukaichanganya na ile ya arobaini na moja,
tukangoja saa nzima, tukizungumzia kodi ya nyumba.
Chembe hai zingetua chini, maji yabaki meupe juu.
Hayakubaki meupe.
Yalikuwa mekundu kama juisi ya zambarau iliyomwagiwa maji,
kila chembe imepasuka:
mfagiaji wetu alifagia ua
kisha akabomoa na nyumba.

Dawa ya moto ni moto, walisema waliotutangulia,
wakaenda zao
bila kutuachia kipimo.

Jumapili Nyangweso ataniuliza, kama kila Jumapili,
akiegemeza gongo lake ukutani:
"Haya, askari wako wamefika wapi?"
Sijui kama nitamwambia kuhusu duara
au kuhusu wekundu.

Kwenye daftari nimeandika: 41, inaua.
Nikakaa kidogo.
Nikaongeza: sana.
Dkt. Farhiya ameshachora uzi upya, shanga ya sita imehama,
na anataka sungusungu wengine, mia tatu, kabla ya Jumatano.

Nje, mluzi.