Stakabadhi ya Tope

Nilikuwa karani wa Halmashauri ya Mji.
Kalamu yangu, wino wao.
Jumanne ya pili ya kila mwezi niliketi pembeni,
si mezani, kando ya dirisha,
nikiandika nani kasema nini kuhusu maji.

Bwana Shauri alisema: Serikali haina fedha,
bei ya pamba imeanguka.
Bwana wa benki, mkazi wa kilimani Isamilo,
alisema: kwangu maji hayatuami.
Nikaandika, kwake maji hayatuami.
Sikuandika yanakokwenda yakishatoka kwake.

Vithaldas Ghelani, muuza kanga na misumari,
akafungua daftari lake mwenyewe:
futi arobaini na tano za mbele ya duka,
shilingi tatu na nusu kwa kila futi,
na malori ya pamba yapitayo hapo ni ya nani?
Ni ya mjomba wangu?
Akagonga meza. Chai ikamwagika,
ikatafuta upande wa chini,
ikanifikia mimi.

Walibishana miezi saba.
Mwishowe wakapatana, kama watu wapatanavyo
juu ya deni la asiyekuwepo.

Mtaro ukachimbwa na wafungwa,
na vijana wa Kwimba walioshindwa kodi ya kichwa
wakailipa kwa mgongo.
Mawe hayakununuliwa. Mwanza mawe ni bure,
kuyapasua tu ndiko kuna bei,
na bei yenyewe ilikuwa kibaba cha unga wa muhogo.

Saruji ikaenda, ikaenda,
hadi duka la mwisho la mtaa, kona ya kushukia Mabatini.
Hapo futi zikaisha.
Hapo mtaro ukabaki mdomo wazi
kama mtu aliyekatizwa maneno.

Hatua thelathini chini ya mdomo ule
palikuwa na nyumba ya Kalekwa binti Luhende,
mpika maandazi ya makuli wa bandarini.
Kodi ya nyumba, shilingi kumi na mbili: imelipwa.
Karatasi yake kaichomeka darini, isiliwe na panya.

Mvua ya kwanza ya Novemba
mji wote wa juu ukateremka kwake:
maganda ya machungwa, maji ya kufulia,
nyuzi za pamba, barua iliyochanika nusu,
kiatu kimoja cha mtoto, cha ngozi nyeupe.
Mtaro ulifanya kazi barabara. Ripoti ilisema hivyo.
Ni mimi niliyeipiga chapa.

Asubuhi yake akaingia bomani, debe kichwani.
Akalitua juu ya meza yangu.
Tope jeusi, pomoni,
na juu yake andazi moja lililovimba.

"Nimeleta kodi," akasema.
"Hii ni mali yenu, mmeileta kwangu bila hodi.
Mwaka jana nilitoa kumi na mbili, nikapewa karatasi.
Jana nimetoa godoro, na ukuta wa nyuma,
na magunia mawili ya unga wa ngano.
Andika."

Tarishi akacheka peke yake.
Nikapekua vifungu. Kuna cha leseni ya mbwa,
cha baiskeli, cha kupika pombe,
cha ng'ombe wa kuingia josho.
Cha tope hakipo.

Bwana Shauri alikuwa melini, safari ya Bukoba.
Nikachomeka kaboni, nikaandika
kwa mwandiko ule ule waliozoea kuusifu:
Nimepokea kutoka kwa Kalekwa binti Luhende
tope, debe moja. Kwa ajili ya: mtaro.
Nikagonga muhuri.

Nilikatwa nusu ya mshahara.
Kitabu kile kurasa zake zina namba,
huwezi kuchana moja ukanyamaza.
Basi nami nimechangia. Ukipita pale leo,
penye mfuniko wa zege uliopasuka,
shilingi kumi na tisa na ushei ni zangu.

Tope lenyewe lilikaa kwenye baraza la boma wiki nzima.
Hakuna aliyejua
ni kazi ya nani kulimwaga.