Lori la Orest

Alfajiri ya Saskatchewan, nyuzi kumi chini ya sufuri,
Orest Hrycak analipandisha lori relini,
anashusha magurudumu ya chuma, madogo kama sinia.
Matairi ya mpira yanabaki yakisukuma
kana kwamba yangali barabarani.

Kampuni iliondoka na injini zake mwaka ule wa ukame.
Wakulima wakachanga, wakainunua njia:
maili arobaini za kutu na mataruma yaliyooza.
Injini iliwashinda bei.
Lori walikuwa nalo.

Nyuma, mabehewa matatu ya dengu,
mwendo wa bibi harusi.
Usukani ameufunga kwa mkanda wa suruali,
maana hapa hakuna kukata kona;
lakini mikono, baada ya miaka thelathini ya lami,
bado inashtuka ikikwepa mashimo yasiyokuwepo.

Darka, mkewe, amepakata chupa ya chai,
anahesabu maghala yaliyobomolewa.
"Hapa palikuwa na posta."
Mzee hajibu.
Penye kivuko anapiga honi, mara mbili, ndefu,
ingawa theluji ya barabarani
haina hata unyayo wa sungura.