Namba ya Asaa

Natoboa vibao. Ndiyo kazi yangu,
pembeni ya ofisi, Chake, chini ya bati
linalolia jua likipanda. Nina drili moja,
kopo la ribiti, kitambaa cha kufutia vumbi.
Wananiita Fundi Zedi,
maana kila nikigusacho huanzia hapo:
Zedi, tarakimu, herufi mbili,
basi, gari keshapata jina.

Rangi sikusomesheni. Kanuni imebandikwa ukutani,
nani avae ipi, aliye na haraka akaisome.
Mie nazisoma rangi zikishakaa juani:
njano iliyogeuka dengu,
nyekundu iliyokunywa udongo wa Konde ikanenepa,
weusi wa herufi uliobanduka
mtoto akaujaza kwa kalamu ya skuli,
nane ikawa na tumbo kubwa kuliko mwenzake.
Na za SMZ, zinang'aa mwaka mzima.
Hizo zina wa kuziosha.

Jumatatu ikaja Noah, imeshuka melini Mkoani,
chumvi bado kiooni.
Mbele T. Nyuma T.
Namba ya bara, mia nne na kumi na saba.
Akashuka Mize binti Shaame, wa Kengeja,
mikono kaifunga kifuani kama ana baridi.
"Usiitoe," kasema.

Nikamweleza: bibi, T na Zedi ni ndugu,
ila kila mmoja ana mlango wake,
na huku hodi hupigwa kwa Zedi.
Kasema, "Najua. Usiitoe."

Mpwawe, Mbarouk, akanivuta kando.
Asaa, mumewe, kauza vitasa Kariakoo miaka kumi na tisa,
kuinunua hii. Alitaka aiteremshe mwenyewe,
apige honi toka Mtambile mpaka mlangoni.
Akalazwa Temeke wiki mbili.
Yeye kaja mwanzo, kwa sanduku. Gari kaja baada ya eda.

Na Mize kusoma hajui,
ila tarakimu zile tatu anazijua,
kafundishwa kwa simu, usiku kwa usiku:
nne ni kiti kilichopinduka,
moja ni mie niliyesimama,
saba ni wewe, umeinama unapuliza moto.
"Leo mia nne na kumi na saba imeoshwa."
"Leo mia nne na kumi na saba imelala kwa fundi."
Kama mtu anayemtaja mwanawe.

Nikaitoa. Nifanyeje? Ya mbele ikatoka bila ubishi.
Ya nyuma, ribiti moja ikagoma,
nikavunja misumari miwili ya drili
na hakuna aliyecheka.
Nikapachika mpya. Akaitazama sana.
"Na hino n'yani?"
Sikuwa na jibu la kumpa.

Vibao vya zamani hurejeshwa, viwili kwa viwili.
Bi Chumu wa dirishani kavipokea,
kavihesabu, kamtazama Mize,
kavihesabu tena.
Kisha kaandika kwa mwandiko wake wa kulala:
*Kimoja kimeanguka baharini.*
Kimoja kakisukuma chini ya dirisha, kimefungwa gazetini.
Bi Chumu huyu huyu aliyenirudisha mie mara tatu
kwa koma.

Mwezi wa Rajabu nikapita Kengeja kwa shughuli zangu.
Noah haipo, Mbarouk kaenda nayo Wete,
mkeka wa karafuu umeanikwa mahali pake.
Nyuma ya nyumba, banda la kuku,
na kwenye mlango wake, kwa misumari minne:
T, mia nne na kumi na saba.
Kuku kumi na mmoja, wote na usajili wa bara.

"Askari kapita juzi," Mize kaniambia,
akitawanya pumba. "Kasimama. Kasoma."
"Kasemaje?"
"Kauliza mayai bei gani."

Akakifuta kibao kwa pindo la kanga,
akaanzia kwenye saba.